Mtoto mgumu kula: mpe chakula ashike mwenyewe, acha kumkaba

Mwanangu wa pili alipofika mwaka na miezi minne aligoma kula. Hakuwa anaumwa, malaria tulipima hamna, anacheza anakimbia kama kawaida, ila akiona tu kijiko na kile kibakuli cha uji anafunga mdomo, anageuza shingo, na ukilazimisha anatapika vyote mpaka vya asubuhi. Nyumbani kila mtu akawa na ushauri wake na ushauri mkubwa ulikuwa ule tuliokulia nao wengi, mlaze mapajani, mbane pua, mkabe. Nilimkaba siku tatu. Siku ya nne alikuwa anaanza kulia akisikia tu nakoroga jikoni.

Kilichotutoa hapo ni siku moja mchana, nimekaa kwenye mkeka nakula ugali na samaki, akaja mwenyewe akachukua tonge kwenye sahani yangu akala, akachukua lingine, akataka na samaki. Hajabembelezwa na mtu. Ndo nikaanza kuelewa kwamba kumbe kinachomkera ni kile kijiko kinachomfuata mdomoni, chakula chenyewe anakitaka. Na jamani sisi si ndo watu wa kula kwa mkono? Ugali, wali, mihogo, ndizi, chapati, vyote tunakula kwa mkono, halafu mtoto peke yake ndo tunamwekea vitu vilivyosagwa kwenye blenda mpaka ana miaka miwili.

Kabla sijaenda kwenye mapishi niseme hili la kumkaba kwa sababu najua kuna mama au dada wa kazi anasoma hapa na jioni ya leo atalifanya. Mtoto anayelia huku anamiminiwa uji anavuta hewa na uji pamoja, uji unaingia kwenye mapafu, anaweza kupata nimonia na kuna watoto wamepoteza maisha hivyo. Acha kabisa. Hata kama hajala tangu asubuhi.

Na kingine kinachotutisha bure ni kwamba hatujui mtoto wa umri huo anahitaji kidogo kuliko tunavyodhani. Mwaka wa kwanza mtoto anakua kwa kasi sana, aliyezaliwa na kilo 3 anafika mwaka ana kilo 9 hivi, mara tatu. Mwaka wa pili wote anaongeza kama kilo 2 na nusu tu. Kwa hiyo hamu ya kula inapungua yenyewe na ni kawaida, pia ni umri ambao anaogopa kitu chochote kipya, kikiwa cha kijani ndo kabisa. Chakula kipya unaweza kukiweka mbele yake mara nane, kumi, hata kumi na tano ndo akubali, sasa wengi wetu tunajaribu mara mbili tunasema huyu mboga hapendi. Mwanangu boga alilitupa chini wiki tatu mfululizo. Saivi ndo anaomba.

ANGALIA KWANZA ANASHIBA NINI

Ukitaka chakula cha mkononi kifanye kazi lazima mtoto afike kwenye sahani na njaa kidogo. Wengi wanaoitwa wagumu kula wameshashiba. Asubuhi chupa ya maziwa, saa nne biskuti, saa sita juisi ya pakti, saa saba unamletea wali anakataa, unasikitika unampa maziwa tena ili asilale njaa, basi mnazunguka hapo hapo. Mtoto aliyezidi mwaka, maziwa ya ng'ombe yasizidi kama nusu lita kwa siku nzima, yakizidi yanajaza tumbo na pia yanachangia kupungukiwa madini ya chuma, anakuwa mweupe wa viganja, amechoka, na akipungukiwa chuma hamu ya kula ndo inashuka zaidi. Anayenyonya aendelee mpaka miaka miwili na zaidi, hilo halina shida, ila maziwa ya chupa yahamishie kwenye kikombe na umpe baada ya chakula.

Chai pia. Najua watoto wengi wanakunywa chai ya rangi na mkate asubuhi lakini chai inazuia mwili kuchukua chuma kilichopo kwenye maharage na mboga, achana nayo. Juisi za pakti, soda, kripsi, ubuyu wa rangi, hivi vitoe nyumbani kabisa maana vikiwepo vitaliwa, na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili sukari haihitajiki popote.

Sisi ratiba yetu ni saa moja asubuhi, saa nne, saa saba mchana, saa kumi, na saa moja usiku. Katikati ni maji tu, na titi kwa anayenyonya. Siku nne za mwanzo atalia, vumilia.

UKUBWA NA ULAINI

Chukua kipande, kibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikibonyezeka bila kutumia nguvu, fizi zake zitakiweza. Kama mtoto ndo anaanza kushika (miezi 6 mpaka 9 hivi) kata virefu kama kidole chako kwa sababu anakamata na kiganja kizima na anakula kile kinachotokeza juu. Akifika mwaka anaokota na vidole viwili, hapo kata vidogo vidogo vya kama sentimita moja.

Cha rahisi kuliko vyote ni viazi vitamu, tafuta vile vya rangi ya chungwa ndani, viazi lishe, vina vitamini A nyingi. Chemsha na ganda, menya, kata vijiti, halafu vipitishe kwenye fraipani na mafuta kidogo kabisa mpaka vipate rangi. Mafuta hayo kidogo yanasaidia mwili kuichukua hiyo vitamini, na pia kijiti hakiponyoki mkononi. Boga vivyo hivyo, karoti iliyochemshwa mpaka ikalainika, ndizi mzuzu iliyoiva ya kuchemsha, muhogo laini uliotoa ule mzizi wa katikati. Parachichi linateleza sana mpaka mtoto anakasirika, ujanja ni kulivingirisha kwenye unga wa karanga au ufuta uliosagwa, linashikika na utamu unaongezeka. Karanga zenyewe chagua mwenyewe, chambua mbovu na zenye ukungu utupe, kaanga usage nyumbani, maana karanga za ukungu zina sumukuvu na ukinunua zilizosagwa tayari hujui zilikuwaje. Kama hajawahi kula karanga anza na kidogo sana mchana, umwangalie kama anavimba au anatoka vipele.

Ugali nao usiusahau. Pika usiwe mgumu, vingirisha vitonge vidogo, katikati ya kila kimoja ficha kipande cha samaki usio na mwiba au mchicha wa nazi. Wangu anaviita "mpira".

SASA MAPISHI

Katlesi za dagaa ndo zimetuokoa sisi. Dagaa analiwa na mifupa yake kwa hiyo mtoto anapata protini, kalisi, chuma na zinki kwa hela ndogo kuliko nyama. Dagaa wa Mwanza ni wazuri ila wengi wanaanikwa kwenye mchanga, usikubali kumvunja mtoto meno, toa vichwa na matumbo, osha maji ya moto mara tatu nne mpaka maji yatoke safi, kausha juani au kwenye sufuria kavu mpaka wavunjike ukiwabonyeza, twanga au saga, chekecha. Huo unga unakaa kwenye kopo lenye mfuniko wiki mbili tatu na unaweza kuuweka kwenye kila kitu. Dagaa waliochemshwa na chumvi waache, chumvi ni nyingi kwa figo ndogo.

Viazi mviringo vinne vya wastani, chemsha uponde. Weka vijiko vitatu vya chakula vya unga wa dagaa, karoti moja iliyokwaruzwa, kitunguu maji kidogo kilichokaangwa kikalainika, kotimiri, ndimu kidogo ya kukata harufu. Finyanga kama vidole, wala usizifanye mviringo kubwa kama za sherehe, chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga kwenye fraipani na mafuta kidogo ukigeuza. Zinatoka kama kumi na mbili. Ukitengeneza Jumapili nusu ziweke friza kabla hazijakaangwa, asubuhi unatoa mbili tatu tu. Chumvi usiweke, na vile vidonge vya mchuzi usiguse, mtoto hajui kwamba chumvi imekosekana, sisi ndo tunaoitafuta.

Chapati za maji zenye mchicha. Hii ni kwa ajili ya mtoto anayeona jani la kijani anatema. Nusu kikombe unga wa ngano, nusu kikombe unga wa ulezi, yai moja, mchicha au matembele kiganja kimoja uliooshwa na kukatwa laini kabisa kabisa, maji au maziwa mpaka upate uji mzito unaomiminika. Mimina nyembamba, ive pande zote mbili, ikipoa kidogo ikate mistari kwa mkasi safi wa jikoni. Mkasi ni kifaa ambacho kila mama mwenye mtoto mdogo anatakiwa awe nacho jikoni, unakata chapati, nyama, mboga, kwa sekunde. Mkasi wa chakula uwe wa chakula tu.

Bagia za kunde pia, loweka robo kilo ya kunde usiku, asubuhi pikicha maganda yatoke, saga na kitunguu na kitunguu saumu kwa maji kidogo sana, piga na mwiko mpaka iwe nyepesi. Za kwetu watu wazima tunazizamisha kwenye mafuta, za mtoto chota kijiko kimoja kimoja bandika kwenye fraipani, bonyeza ziwe bapa ziive mpaka ndani. Mpe na kipande cha chungwa kilichotolewa ngozi na mbegu, vitamini C ya chungwa inasaidia kile chuma cha kunde kichukuliwe. Hata maharage ya kawaida yaliyoiva mpaka yakapasuka ni chakula cha mkononi kizuri mno, unayaponda kidogo kila punje kwa uma, unamwagia kwenye sahani yake anaokota moja moja na anatulia dakika kumi nzima.

Asubuhi ukiwa na haraka ponda ndizi mbivu moja, yai moja, vijiko vitatu vya unga wa ulezi, kaanga vidogo vidogo. Sukari ya nini, ndizi ni sukari tosha. Au yai peke yake, kimanda chenye nyanya na karoti, kata mistari. Yai moja kwa siku ni sawa kabisa, na ile ya kwamba mtoto akila yai atachelewa kuongea au atakuwa mwizi tuiache ilipotoka, mayai ni kati ya vyakula bora kuliko vyote vya umri huu.

Maini ya kuku mara moja kwa wiki inatosha, yana chuma na vitamini A nyingi mno kwa hiyo usizidishe. Chemsha na tangawizi yaive kabisa, ponda na kiazi, paka kwenye mstari wa chapati ukunje.

VINAVYOPALIA

Hapa naomba usome taratibu. Karanga nzima, korosho nzima, bisi, pipi, jojo, mbegu za ubuyu, usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano. Zabibu na vinyanya vidogo vinakatwa robo kwa urefu. Soseji (ambazo kwa kweli si chakula cha kila siku) zikikatwa duara zinaziba koo kama kizibo, zikate kwa urefu kwanza. Karoti mbichi na tufaha bichi kwaruza au chemsha. Nyama chambua nyuzi nyuzi. Samaki mpapase kwa vidole vyako mwenyewe kila kipande hata kama muuzaji amesema ni minofu. Asali hapana mpaka atimize mwaka.

Na mtoto ale amekaa. Asile anakimbia, asile amelala, asile kwenye bajaji, na mtu mzima awepo anamwangalia, sio simu.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa sauti muache akohoe, usimpe maji wala usimpige mgongo. Akinyamaza, hawezi kulia wala kuvuta hewa, midomo inabadilika rangi, piga kelele uitiwe msaada, mwinamishe mbele kichwa kiwe chini, mpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara tano. Kikikataa kutoka na ana zaidi ya mwaka, kaa nyuma yake, ngumi yako juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani kwa kwenda juu mara tano, rudia mgongo, rudia tumbo. Wa chini ya mwaka tumbo usiguse, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa chini, mpige mgongo mara tano, mgeuze, vidole viwili katikati ya kifua bonyeza mara tano. Usiingize kidole kutafuta kitu ambacho hukioni, utakisukuma ndani. Akizimia anza kumpa pumzi na kubonyeza kifua huku mnakimbilia hospitali. Mfundishe na dada wa kazi hili, yeye ndo yuko naye mchana.

MEZANI AU MKEKANI

Weka vitu vitatu tu kwenye sahani yake, kijiko kimoja kimoja, na kimojawapo kiwe kile unachojua anakula siku zote. Sahani iliyojaa inamtisha. Akimaliza aongezewe. Wewe kazi yako ni kuchagua chakula gani na saa ngapi, yeye kazi yake ni kuamua ale kiasi gani, na hapo katikati ndo pagumu kwa sisi wazazi kwa sababu tukiona kala vipande viwili mkono unawasha kumsukumizia cha tatu. Jizuie. Kula naye, chakula kile kile, mdomo wako ukitafuna ndo shule yake. Usimsifie sana, usimgombeze, usimwahidi pipi akimaliza mboga kwa sababu unamfundisha kwamba mboga ni adhabu. Dakika ishirini mpaka thelathini zikiisha ondoa sahani, usimkimbize nayo uani. Tivii na simu zima, mtoto anayelishwa huku anaangalia katuni hajui kama ameshiba wala amekula nini.

Atachafua. Tandika kanga kuukuu chini, mvue shati, osha mikono yake na yako kwa sabuni kabla, basi. Kuponda na kupaka ndo anavyokijua chakula kabla hajakiamini.

Kwa upande wa ndugu, hili linahitaji hekima. Mama mkwe wangu alipokuja alikuwa na biskuti kwenye mkoba kila saa kwa mapenzi tu. Nilimsubiri tukiwa wawili nikamwambia, "Mama, naomba biskuti za mjukuu wako tuwe tunamuwekea mpaka amalize kula, maana wewe ukimpa tu kwangu hali tena." Akaniambia, "Haya mwanangu, sikujua." Kesho yake akamchemshia mzuzu mwenyewe, akamkalisha pembeni yake wakala wote, na tangu hapo chakula cha saa kumi ni cha bibi yake hata mimi siingilii.

WAKATI WA KWENDA KLINIKI

Mgumu kula mwenye mstari unaopanda kwenye kadi ya kliniki yuko salama hata kama wewe unaona hali. Kinachotakiwa kukushtua ni mstari uliolala au unaoshuka, au mkanda wa kupima mkono ukisoma njano (chini ya sentimita 12.5), na nyekundu (chini ya 11.5) ni siku hiyo hiyo usilale. Pia anayekula udongo au mkaa, mweupe wa viganja na macho, anayekohoa au kupaliwa kila akila, anayeharisha mara kwa mara, miguu iliyovimba, au amefika mwaka na nusu na hawezi kabisa kitu kisichosagwa. Dawa ya minyoo na matone ya vitamini A kila miezi sita asikose, minyoo nayo inaiba hamu ya kula.

Siku tatu kabla ya kwenda andika kwenye daftari kila kilichoingia mdomoni, pamoja na maziwa na ile biskuti ya jirani, na saa yake. Nesi akiuliza "anakula nini huyu?" tukijibu kichwani tunasema hali kitu, daftari litamwonyesha.